Kigoda cha Ekal

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Nyawal alimsaidia kaka yake kupangusa vumbi kwenye baiskeli. Ruot alikuwa bodaboda wa baiskeli katika kambi ya Kakuma. Alibeba watu, magunia ya unga na siku nyingine mbuzi. Alikuwa ameushusha usukani ukainama kama wa baiskeli za mashindano, na vijana wenzake wakamsifu mpaka akavimba kichwa.

Lakini siku hizo Ruot aliamka ameshika kisogo. Akirudi jioni, alikuwa na maumivu ya shingo yaliyopanda hadi kichwani, na hakutaka kusemeshwa.

"Ikiendelea hivi, nitaiuza baiskeli," alisema asubuhi moja.

Mama yao, Nyachuol, aliacha kukanda unga wa mandazi. Ruot ndiye aliyemletea unga na kuni, na ndiye aliyeilisha nyumba siku ambazo mandazi hayakuuzika. Baiskeli ikienda, wangebaki na nini?

Nyawal alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na kazi yake kubwa ilikuwa kushuku. Sukari ikipungua, alikuwa na jina tayari. Kuku wa jirani akipotea, alijua alikopitia. Sasa aliukazia macho ule mkosi wa kaka yake, na macho yakatua kwa Ekal.

Ekal alikuwa kijana wa Kiturkana aliyeuza makaa, rafiki mkubwa wa Ruot. Si muda mrefu uliopita alikuwa amemletea Ruot ekicholong, kile kigoda kidogo cha mbao ambacho wanaume wa Kiturkana hukikalia mchana na kukilazia kichwa wanapolala. Tangu kigoda kiingie nyumbani, ndipo Nyawal alipoanza kumsikia kaka yake akigugumia kwa maumivu.

"Mama, mtu anakupa kitu cha kulalia kichwa, halafu shingo inauma. Huoni?" alinong'ona.

Mama alinyamaza. Nyawal akauchukua ukimya huo kuwa ni kukubali.

Ekal naye, kila alipopita, alizidi kujitia kitanzi. "Ejok, Ruot. Kigoda inasaidia? Shingo inasikia aje leo?" Alisalimu hivyo kwa Kiturkana na kuuliza huku akimtazama Ruot kisogoni. Nyawal alimwangalia kwa jicho la pembeni. Mbona anauliza-uliza? Mtu asiye na lake anataka nini na shingo ya mwenzake?

Jioni moja, mama akiwa kwa jirani, Nyawal alikichukua kigoda akakisukuma motoni chini ya sufuria ya maharagwe. Kilikuwa cha mbao kavu ya zamani, kikashika upesi. Ruot alipokitafuta, Nyawal alisema hajakiona. Kesho yake, kwenye foleni ya maji, aliwaambia wasichana wenzake kwamba kitu alicholeta Ekal kimemdhuru kaka yake. Neno likatoka bombani likazunguka mtaa mzima, na wateja wa makaa wakaanza kumkwepa Ekal.

Kigoda kilikuwa majivu, lakini shingo iliendelea kuuma. Hapo mama akasema imetosha. Alimtuma Nyawal amsindikize Ruot zahanati, siku ambayo Jeptoo, mtaalamu wa tiba ya viungo kutoka Lodwar, alikuwa zamuni.

Jeptoo alimkalisha Ruot kitini. "Mikono yako inakufa ganzi? Inakosa nguvu? Unapepesuka ukitembea?"

"Hapana, daktari."

"Vizuri. Ukiyaona hayo, usingoje hata siku moja. Sasa niambie ukweli, umewahi kuumia shingo?"

Ruot alimtupia Nyawal jicho, kisha akainamisha kichwa. "Ile ajali ya pikapu tuliyopanda kwenda Lokichoggio. Mwaka juzi. Tulikuwa tumesimama, lori likatugonga kwa nyuma. Kichwa changu kilirushwa nyuma kikarudi mbele. Sikutoka damu. Nyumbani walimshukuru Mungu, nami nikaona aibu kusema bado ninaumwa."

"Umeyaficha maumivu miaka miwili?"

"Yalikuwa yanakuja na kuondoka. Nilipoushusha usukani ndipo yalipokolea. Ekal peke yake ndiye aliyegundua. Aliona nikitaka kutazama nyuma nageuka mwili mzima. Ndiyo maana akaniletea kigoda cha babu yake. Alidhani nakosa kitu kizuri cha kulalia."

Nyawal alihesabu siku upya. Kumbe maumivu yalitangulia, kigoda kikafuata.

"Na hicho kigoda kilikuumiza?" Jeptoo aliuliza.

"Hapana. Kwa kulalia nilikiona kirefu, nikawa nakikalia tu."

Jeptoo alimweleza kwamba mwendeshaji akiinama sana hulazimika kuinua kidevu ili aone njia, na shingo iliyowahi kuumia huchoka haraka. Alimfundisha kurudisha kidevu nyuma polepole, kuyakutanisha mabega kwa nyuma, na kugeuza shingo taratibu bila kuilazimisha. Usukani upandishwe, kiti kisogezwe mbele kidogo, mizigo ipunguzwe kwa sasa, na apumzike kila baada ya safari ndefu. "Usikae tu ukiiogopa shingo," alisema. "Isogeze kidogo kidogo. Itachukua wiki nyingi, lakini baiskeli huna haja ya kuiuza."

Ruot alicheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Nyawal hakucheka.

Njiani alimwambia kaka yake kila kitu, na nyumbani akarudia mbele ya mama. Mama hakumpiga. Alijifunga leso akampeleka kwa Ekal, aliyekuwa ameketi peke yake kando ya magunia yaliyojaa.

"Nilikichoma kigoda," Nyawal alisema, machozi yakimtoka. "Na nikasema wewe ndiye uliyemdhuru Ruot."

"Babu alichonga hiyo akiwa kijana," Ekal alisema. "Kigoda nitachonga ingine. Lakini maneno ya kule kwa bomba, mimi siwezi kurudisha. Utarudisha mwenyewe."

Jioni hiyo Nyawal alisimama kwenye foleni ile ile, akasema kwa sauti kwamba Ekal hana kosa, na kwamba yeye ndiye aliyedanganya. Wengine walimcheka. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto, lakini alimaliza kusema. Mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenda kununua makaa, na majirani wakamfuata mmoja mmoja.

Usiku wakila, mama aliwatazama wanawe wote wawili. "Ruot, ungesema unaumwa, tungekutafutia tiba mapema. Nawe Nyawal, ungemuuliza Ekal swali moja tu, angekujibu. Hata mimi nilinyamaza nilipopaswa kukukanya. Katika nyumba hii, anayeumwa aseme, na anayeshuku aulize kwanza."

Wiki zilipita. Asubuhi moja Nyawal aliipangusa baiskeli yenye usukani uliopandishwa, na Ruot akaondoka kupeleka unga sokoni. Ekal alikuwa kando ya njia akichonga kipande cha mti, akamwita Ruot. Ruot akageuza shingo, shingo peke yake, akampungia mkono.