Kelele ya Gari la Sitati

Yalimpata rafiki yangu Makhanu, fundi wa magari huko Lanet. Sitati, aliyejifunza naye kazi, alimletea gari alilonunua juzi: likikata kona, gurudumu linalia ka-ka-ka. Makhanu akabadilisha CV joint, kile kiungo kinachozungusha gurudumu hata likikata kona, huku roho ikimuuma. Mwenzake ana gari, yeye ana spana tu! Joint kuukuu hakumrudishia mwenyewe kama mafundi wanavyofanya. Aliiweka mezani akanong'ona, "Kelele yake imrudie."

Jioni Sitati akapiga simu. "Boss, imenyamaza kabisa! Sasa nakata kona ya kwangu."

Pale mezani, joint kuukuu ikalia ka-ka-ka. Simu ikakatika.

Sitati hajaonekana mpaka leo. Ile joint Makhanu ameifunga kwa magunia matatu, na jana niliisikia mwenyewe, ikikata kona.