Safari ya Karima Haifichwi

Kila asubuhi Papa Zuberi aliwahi cherehani yake kabla umeme haujakatika. Alikuwa fundi wa nguo katika mtaa wa Mangobo, mjini Kisangani, na aliujua umeme wa mji wake: huja unapotaka wenyewe na huondoka bila kuaga. Binti yake Karima, mwenye miaka kumi na minne, alifagia ua, akateka maji bombani, kisha akaketi mlangoni na simu ya baba yake kujifunza Kiingereza. Alirudia sentensi zilezile mpaka papa akasema kwamba kuku wa jirani nao sasa wangefaulu mtihani.

Kiingereza hicho kilikuwa na sababu. Tonton Mohamadi, mdogo wa marehemu mama yake, alikuwa na duka Kampala, nchini Uganda, naye alikuwa amempatia Karima nafasi katika shule ya bweni. Angeondoka kwa ndege mapema Januari, akae kwa tonton wiki chache azoee lugha, ndipo aanze masomo. Alitaka kusomea mitambo ya umeme, ili siku moja cherehani ya baba yake isisimame tena katikati ya suruali ya mtu. Hayo yalikuwa matumaini yake. Hofu nayo haikukosekana. Aliogopa kusimama mbele ya darasa la wageni, kinywa wazi, neno lisitoke.

Lakini safari yenyewe ilikuwa siri. Shangazi Asha, dada mkubwa wa papa, ndiye aliyemlea Karima tangu mama yake afariki, na nyumba nzima ilikwenda kwa neno lake. Alikuwa mwanamke mwema, ila akishashika jambo, hata tingatinga halimng'oi. Wengi mjini kwetu wanaamini kwamba msafiri hutangazwa akishafika. Shangazi aliamini zaidi ya wote, kwa sababu Landry, mtoto wake wa kwanza, aliagwa kwa sherehe kubwa kwenda kusoma Ulaya, na safari ikavunjika siku chache kabla ya kuondoka. Hakusahau. Alipanga sanduku la Karima mapema mno, akafua hata chandarua cha kitandani na kukikunja ndani yake, kisha akalisukuma sanduku chini ya kitanda na kulifunika kwa gunia.

"Usiambie mutu," alimwonya Karima. "Wenye wivu watafunga njia yako."

"Na wakiniuliza?"

"Sema unaenda likizo Isangi."

Karima alikasirika. Kwa nini aone haya kama mwizi, wakati anakwenda shule? Hata hivyo alinyamaza, kwa sababu mkono uliomlea hakuzoea kuukatalia.

Njia ya mwongo ni fupi, na hii iliishia nyumba ya tatu. Hapo aliishi Chimène, rafiki yake wa tangu darasa la kwanza, pamoja na bibi yake, Koko Félicité. Familia yao ilitoka upande wa Yanonge, na Koko aliuza samaki waliokaushwa kwa moshi, kwenye meza mbele ya nyumba. Mama yake Chimène alikuwa Isangi na mtoto mchanga. Kwa hiyo Chimène aliposikia kwamba rafiki yake anakwenda Isangi, alifurahi kupita kiasi. Kesho yake alileta kifurushi.

"Nimeshona robe ya bebe, mi mwenyewe," alisema. "Mama hajui. Utamupa mu mukono yake."

Karima alikipokea. Kilikuwa chepesi, lakini alishindwa kukishika. Angeweza kushukuru na kukificha chini ya kitanda pamoja na sanduku, na mtoto wa Isangi angesubiri nguo iliyokwenda Kampala. Alikirudisha mikononi mwa Chimène.

"Siendi Isangi," alisema. "Naenda Kampala kusoma. Nilikudanganya."

Chimène alimtazama. "Uliniogopa mimi?"

"Hapana. Waliniambia nisiseme."

"Na wewe ukakubali."

Chimène aliondoka bila kuaga, na jioni ile ilikuwa ndefu. Lakini kesho yake alirudi na kusema kwamba Koko anamwita kula. Koko Félicité alikuwa amepika lituma, ndizi zilizochemshwa na kupondwa, pamoja na samaki wa mchuzi, maana kwake mtoto haondoki mtaani na tumbo tupu. Alimuuliza Karima mambo mengi juu ya Kampala. Ilikuwa mara ya kwanza Karima kulitaja jina hilo kwa sauti mbele ya watu, na paa la nyumba halikumwangukia mtu.

Siku mbili baadaye homa ikamshika. Kichwa kiligonga, meno yakagongana, na viungo vyote vikamuuma. Shangazi Asha aliuliza swali moja tu: alikula kwa nani? Karima alikuwa amechoka na uongo, akasema ukweli wote. Shangazi akashusha pazia la chumba na kusema kwamba ugonjwa huu hauna dawa ya hospitali. Kisha akaenda bombani, na mbele ya wanawake waliosubiri zamu akasema kwamba Koko Félicité ni ndoki, amemlisha mtoto uchawi ili amfungie safari. Ndoki ni neno dogo. Mjini kwetu neno hilo limekwisha kuwafukuza vikongwe nyumbani kwao, na watoto pia, na wanaolitamka hurudi kulala usingizi mzuri.

Papa Zuberi aliporudi kutoka sokoni kununua vitambaa, alimkuta binti yake akitetemeka. Hakubishana na mtu. Alimfunika kwa shuka, akasimamisha pikipiki, akampeleka kituo cha afya, na shangazi akafuata na pikipiki nyingine akinung'unika njia nzima. Muuguzi aliyewapokea aliitwa Zacharie. Alimchoma Karima ncha ya kidole, akaweka tone la damu kwenye kipimo, wakasubiri. Ilikuwa malaria.

Shangazi alisema kwamba malaria nayo hutumwa. Muuguzi Zacharie hakumcheka. Aliuliza tu kama mgonjwa analala ndani ya chandarua.

"Iko mu sanduku," Karima alisema.

Basi muuguzi akaeleza polepole. Mbu akimuuma mtu leo, mtu haugui leo. Ugonjwa hukaa mwilini wiki moja, pengine mbili au zaidi, ndipo homa itokee. Chakula cha Koko kililiwa juzi, na chandarua kilitolewa kitandani zaidi ya wiki mbili nyuma.

"Mama, hesabu yako haiendi," alimwambia shangazi. "Na ingine siku, usifiche mugonjwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Shangazi Asha alitazama miguu yake. Usiku ule alitundika chandarua yeye mwenyewe.

Dawa zilifanya kazi. Siku moja kabla ya safari Karima alikuwa amesimama tena. Kitu kimoja kilimsumbua: Chimène hakuja hata mara moja kumwona. Akaenda yeye.

Meza ya Koko ilikuwa imejaa samaki. Hapakuwa na mnunuzi. Wanawake waliopita walivuka upande wa pili wa barabara, na watoto wawili walirusha donge la udongo juu ya bati na kukimbia. Macho ya Chimène yalikuwa mekundu. Alisema kwamba tangu shangazi amwite Koko ndoki kule bombani hawajauza kitu, na mwenye nyumba ameuliza kama watahama.

"Wewe enda kusoma, mwanangu," Koko alimwambia Karima. "Maneno itaisha." Lakini mikono yake ilikuwa ikipanga na kupanga tena samaki ambao hakuna aliyewagusa.

Karima alirudi nyumbani, akalivuta sanduku kutoka chini ya kitanda mpaka katikati ya ua, akaketi juu yake.

"Sipandi ndege kesho," alisema.

Shangazi alishika kichwa. "Mumeona? Njia imefungwa."

"Wewe ndiye unaifunga, shangazi." Karima hakuinuka juu ya sanduku. "Umenilea, na ninakuheshimu. Ila ulisema bombani, mbele ya watu. Urudi useme palepale kama ilikuwa malaria. Bila hivyo siendi popote."

Katika nyumba ile hakuna mtoto aliyewahi kusema hivyo. Shangazi alimgeukia mdogo wake, akingoja amrudi binti yake. Papa Zuberi alizima cherehani, ingawa umeme ulikuwepo, akaja kuchuchumaa mbele ya sanduku.

"Karima, uniambie kweli," alisema. "Unakataa juu ya Koko, ao unaogopa Kampala?"

Swali hilo lilimpata mahali pake. Kwa kweli, alipotamka kwamba haendi, kitu fulani ndani yake kilikuwa kimefurahi. Kubaki kungekuwa rahisi. Hakuna darasa la wageni, hakuna kuchekwa.

"Yote mbili," alijibu, na machozi yakamtoka. "Naogopa, papa. Naogopa sana. Lakini nataka kwenda, na nitakwenda. Ila nikienda hivi, Koko atabaki na hilo jina kwa sababu yangu. Itakuwa nimekimbia."

Papa alisimama, akamgeukia shangazi. Tangu utoto hakuwahi kumpinga dada yake. "Dada," alisema, "mutoto iko na haki."

Shangazi Asha aliingia ndani. Karima alidhani amekasirika, na hilo lilimuuma, kwani nani anapenda kumuudhi aliyemlea? Lakini shangazi alitoka amevaa kitenge chake cha sikukuu na mtandio mweupe. Alipita mbele yao bila kuwatazama, akaenda moja kwa moja bombani. Foleni ilikuwa ndefu. Alisimama mbele yake.

"Nilisema uongo juu ya Félicité," alisema. "Mutoto aliugua malaria. Chandarua, ni mimi nilitoa."

Kisha akavuka barabara mpaka kwenye meza ya samaki, akachagua mmoja, akammega, akala palepale, amesimama, wanawake wote wakimtazama. Koko Félicité naye alimtazama kwa muda mrefu.

"Neno yako ilinichoma, Asha," alisema. "Ingali inachoma."

"Najua," shangazi alijibu. "Unisamehe."

Koko hakusema amesamehe. Alivuta kiti cha pili, akakipangusa, akampa akae. Mwanamke mmoja alitoka kwenye foleni, akaja kununua samaki wawili. Baadaye akaja mwingine. Si wote waliokuja siku ile, kwani neno baya huenda kwa pikipiki na ukweli huenda kwa miguu. Ndiyo maana shangazi aliketi pale mpaka jua lilipotua, akimweleza kila aliyepita habari za mbu na chandarua.

Kesho yake Karima hakuondoka kwa kificho alfajiri. Aliondoka mchana kweupe, papa amebeba sanduku, shangazi, Chimène na Koko kando yake. Tonton Issa, mfanyabiashara rafiki wa papa ambaye angesafiri naye, aliwasubiri barabarani na pikipiki mbili za kuwapeleka uwanja wa ndege. Jirani mmoja aliuliza mtoto anakwenda wapi. Karima alimtazama shangazi, na shangazi ndiye aliyejibu, kwa sauti iliyofika ng'ambo ya barabara, kwamba anakwenda Kampala kusoma.

Kisha akamshika Karima mabega.

"Sikia, mwanangu. Kuogopa haiko kosa. Kila mutu anaogopa. Kosa yangu ni kutafuta mutu mwingine ya kubebesha woga yangu, na kusema kitu sikuona. Kule, kama hujui, sema haujui. Kama unaogopa, sema unaogopa, halafu endelea. Na ukiona mukubwa anamuonea mutu, umusimamie vile ulinisimamia mimi."

"Naogopa, shangazi," Karima alisema.

"Bon. Panda."

Karima akapanda.