Kipchirchir Hakusema Hivyo

Jumamosi nyumbani kwetu huanza kwa ufagio. Nikirudi kutoka madrasa navua viatu, nainama chini ya mashine ya Mama ya kudarizi na kukusanya nyuzi. Nyuzi nyekundu, za kijani, za dhahabu, zinaingia kila mahali. Hata kwenye ugali tumewahi kuzikuta. Mama hushona sare na kudarizi nembo za shule hapa mtaani kwetu, Section 58, na kelele ya mashine yake imetupunguzia majirani wanaotupenda.

Kati ya wasiotupenda, wa kwanza ni Kipchirchir. Anakaa nyumba ya pili kutoka kwetu, tuko naye Gredi ya Nane, na niseme mapema: simpendi, naye hanipendi. Tulipogombea uongozi wa klabu ya kompyuta alinishinda kwa kura mbili. Kisha akasimama mbele ya darasa akasema, "Poleni nyinyi mliodhani kujua gemu ni kujua kompyuta." Darasa zima likacheka, na mimi nilijua anasemwa nani. Tangu siku hiyo tukikutana langoni hatusalimiani.

Sasa, Mama ana desturi yake, na hiyo ndiyo iliyoniumbua. Akienda mjini kununua kitambaa cha bei, haendi na rafiki. Humpitia Trizah, fundi mwenzake wa barabara ya pili, ambaye amekuwa akinyang'anyana naye wateja tangu sijazaliwa. Trizah hukishika kitambaa, akakivuta, akakinusa, kisha akasema, "Hiki kitachuja kabla hujafika nyumbani." Mama hukiacha papo hapo. Trizah naye akitaka kununua kitu kikubwa humwita Mama, na njiani hawaongei hata neno.

"Rafiki atakisifu ili mrudi nyumbani mapema," Mama husema. "Asiyekupenda hakufichi kasoro. Atafurahi kukuonyesha."

Muhula ulipokaribia kufunguliwa, Mwalimu Kosgei kutoka shule ya Keringet alituletea kazi: sweta za shule nzima, zidariziwe nembo mpya yenye ng'ombe, kitabu na kilima. Ilikuwa kazi kubwa ya kwanza tangu mashine inunuliwe. Mashine ilikuwa na michoro yake michache ya maua na herufi, lakini ng'ombe wa Keringet hakuwemo. Kumchora kulihitaji programu ambayo Mama alipewa kwenye fleshi siku aliponunua mashine, na akafundishwa kuitumia. Programu nayo ilihitaji kompyuta, na sisi hatukuwa nayo. Mwalimu alisema atapita Jumatano saa sita mchana kuchukua sweta moja ya mfano. Akiikosa, kazi yote ataipeleka kwa Trizah.

"Najwa, wewe ndiye msomi wa mambo haya," Mama akaniambia siku ya Ijumaa. "Chukua fleshi, uende dukani utazame laptopu ya kawaida ambayo programu hii itaingia. Kesho tutaenda kuinunua. Lakini huendi peke yako. Utaenda na nani?"

Nilijua jibu analolitaka. "Na Kipchirchir," nikasema, kama mtu anayemeza kwinini.

Kipchirchir alikuja kwa sababu mama yake alimlazimisha. Tulitembea mpaka mjini, yeye mbele, mimi nyuma. Duka lilikuwa la Kinyanjui, bwana mmoja mpole anayeuza laptopu zilizotumika ng'ambo. Alizipanga mezani kama mtu anayeuza viatu.

"Niaje, vijana," akasema. "Mnataka ya Windows, Chromebook, ama Linux?"

"Tofauti ni gani?" nikauliza, nikajuta papo hapo, kwa sababu Kipchirchir alitabasamu.

"Kwa nje zinafanana," Kinyanjui akaeleza. "Lakini kila moja ina mfumo wake wa ndani unaoiendesha. Hii nyeusi ni Windows. Ni nzito, na inachelewa kuwaka, lakini programu nyingi za kazi zimetengenezewa hiyo. Hii ya buluu ni Chromebook. Inawaka upesi, na kwa intaneti na kazi za shule ni nzuri sana. Ile ya pembeni nimeiwekea Linux. Haina gharama na ni imara, ila inataka mtu aliyeizoea. Yenu ni ya kazi gani?"

Mimi macho yangu yalikuwa yameganda kwa ile ya buluu. Ilikuwa nyembamba, safi, na ilifanana kabisa na ile aliyoletewa Kipchirchir na shangazi yake, ile anayoifungua polepole klabuni ili sote tuione.

"Ya kawaida tu," nikajibu.

Kinyanjui akaenda kumhudumia mteja mwingine. Kipchirchir akachukua fleshi, akaichomeka kwenye ile nyeusi na kunionyesha kwa kidole. "Unaona faili hii imeishia na exe? Hii ni programu ya Windows. Chromebook haitaifungua. Chukua nyeusi."

"Wewe mbona una ya buluu?"

"Mimi sidarizi sweta."

"Hutaki tu niwe na kama yako."

Alinitazama kuanzia hijabu mpaka viatu. "Nunua hata jiwe," akasema. "Mimi nimemaliza." Akatoka dukani, akaniacha nikiwa nimeshika fleshi.

Nilirudi nyumbani nikichemka. Kila hatua niliongeza sababu: ana wivu, ana kiburi, anataka nionekane mshamba na lile dude jeusi. Sikujiuliza hata mara moja kama alichosema ni kweli.

"Kipchirchir amesemaje?" Mama akauliza bila kuinua macho kutoka kwenye sindano.

"Amesema ya buluu ni nzuri," nikajibu. "Programu itaingia."

Mama akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Kama yeye asiyekupenda ameisifu, basi ni nzuri kweli."

Kesho yake duka lilikuwa limejaa wazazi, na Mama hakuuliza mengi. Alishamwamini Kipchirchir. Kinyanjui alituandikia risiti akasema, "Nawapa siku saba. Mkiirudisha ikiwa safi kama ilivyotoka hapa, nawabadilishia. Msibandike kitu." Jioni hiyohiyo nilibandika stika tatu za maua kwenye kifuniko, na ya nne yenye jina langu.

Jumapili Mama akaketi mbele ya laptopu, akachomeka fleshi. Yakatokea maandishi kwamba faili haiwezi kufunguliwa. Nikamwambia betri lazima ijae kwanza. Jumatatu nikamwambia labda inataka bando la intaneti. Uongo una tabia mbaya. Ukiulisha mmoja, kesho wanakuja wawili na sahani zao.

Jumanne, muda mfupi baada ya chakula cha mchana, Mwalimu Kosgei akapiga simu. Alikuwa akikumbusha tu kwamba kesho saa sita atafika. Mama akamjibu kwa upole, akakata simu, akajaribu fleshi mara ya mwisho. Maandishi yakawa yaleyale. Akainuka, akajifunga leso kiunoni, na nikajua kuna mtu ataiona siku hiyo kuwa ndefu.

"Kijana yule amenipotosha makusudi," akasema. "Beba hiyo laptopu. Twende."

Mama yake Kipchirchir alikuwa mlangoni akimenya viazi. Hakutukaribisha.

"Mama Kipchirchir, najua hamuipendi kelele ya mashine yangu," Mama akaanza. "Mngeniambia. Lakini kumtuma mtoto aniharibie kazi, hilo nalikataa. Nilimwomba mwanao atazame laptopu, akaisifu, na haifai kitu. Kesho kazi yangu inakwenda kwa mwingine."

Kipchirchir akatokea nyuma ya mama yake. "Mimi sikusema hivyo."

"Unamwita binti yangu mwongo?"

"Ndiyo."

Mama yake aliangusha kisu ndani ya karai. "Unamjibu mtu mzima hivyo? Omba msamaha. Ukikataa, hiyo laptopu yako naifungia kabatini mpaka mwaka uishe."

"Nilimwambia achukue nyeusi," Kipchirchir akasema. Sauti ilianza kumpasuka. "Muulizeni."

"Omba msamaha nimekwambia."

Hakuna aliyeniuliza. Wote wawili walikuwa wanamtazama yeye, na mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya Mama nikikumbatia laptopu yenye jina langu. Kipchirchir alinitazama kwa chuki ambayo sijawahi kuiona, na machozi yalikuwa yameshamjaa. Nilimchukia miezi mingi, na mara nyingi nilitamani kumwona hivyo. Sasa nilimwona, na sikupata raha yoyote. Akafungua kinywa aombe msamaha kwa kosa langu.

"Mama," nikasema, "Kipchirchir hakusema hivyo."

Mama akageuka polepole. "Rudia."

"Alisema nyeusi. Alinionyesha na sababu. Mimi nilitaka ya buluu kwa kuwa yeye anayo, nikakudanganya."

Nilitegemea kofi. Halikuja. Mama alinipita kama sipo, akaenda mpaka mbele ya Kipchirchir. "Nisamehe, mwanangu," akamwambia. "Nimekuja kukutukana nyumbani kwenu, na wewe ndiye uliyesema kweli." Kumsikia mama yangu akimwomba msamaha mtoto wa rika langu, kwa sababu yangu, kuliniuma kuliko kofi lolote.

"Sawa, mama," Kipchirchir akajibu, akijifuta macho kwa kiwiko. Kisha akanigeukia. "Usiwahi tena kunitia maneno mdomoni."

"Ya kelele tutayaongea siku nyingine," mama yake akasema, akaokota kisu chake.

Kinyanjui hufunga duka saa kumi na mbili. Nilikaa barazani na kitambaa chenye mafuta ya kupikia, nikisugua stika mpaka kucha zikauma. Maua yalitoka. Jina langu liligoma, nikalikwangua herufi moja moja. Tulipotoka kwenda mjini tulimkuta Kipchirchir langoni akisubiri.

"Siji kwa ajili yako," akaniambia. "Nakuja kwa sababu jina langu limetumika."

Kinyanjui alipitisha kidole juu ya kifuniko. "Hapa kuna gundi. Niliwaambia msibandike kitu."

"Ni mimi niliyebandika," nikasema. "Mama hakujua. Na Ijumaa ulipouliza ni ya kazi gani, sikukujibu vizuri. Ni ya kudarizi."

Kinyanjui alifungua droo. "Ungeniambia hilo neno moja, saa hizi mngekuwa mmemaliza kazi," akasema. Akanipa spiriti na pamba, akaniambia sitaondoka mpaka kidole chake kiteleze. Nilipangusa mbele ya wateja hadi gundi ikaisha. Ndipo akatubadilishia. Kipchirchir akaichomeka fleshi kwenye ile nyeusi. Ilichelewa kuwaka, kama tulivyoambiwa, lakini programu ikaingia, na ukurasa wa kuchorea ukafunguka.

"Hii nimeitazama mimi, na nasema inafaa," Kipchirchir akamwambia Mama, akitamka kila neno kama shahidi. Halafu akaenda zake.

Jumatano asubuhi ng'ombe wa Keringet alitokea juu ya sweta, kahawia na mweupe, kitabu mbele yake na kilima nyuma. Saa tano Mama akamwita Trizah aje atazame. Nilidhani ameshikwa na wazimu, kwa kuwa Trizah ndiye angeichukua kazi tukishindwa. Trizah aliigeuza sweta, akavuta uzi, akakunja uso.

"Pembe moja fupi," akasema. "Mwalimu ataiona." Akatoka bila kuaga.

Mama akairekebisha pembe kwenye laptopu, akadarizi sweta nyingine haraka. Saa sita kasoro dakika chache ilikuwa tayari. Mwalimu Kosgei aliipokea, akapitisha kidole juu ya pembe zote mbili, akasema sweta zilizobaki zitafika Ijumaa.

Alipoondoka, nilichukua ufagio nikajifanya nina kazi nyingi. Mama akazima mashine.

"Najwa, njoo ukae hapa," akasema. "Kifaa huchaguliwa kwa kazi yake. Hakichaguliwi kwa rangi, wala kwa sababu fulani anacho. Hilo ni dogo, nawe umelijua. Kubwa ni hili. Ukweli haugeuki uongo kwa kuwa umeletwa na mtu usiyempenda. Yule kijana hakupendi, na alikupa ukweli bure. Wewe unanipenda, na ulinipa uongo. Sasa niambie, kesho nikitaka kununua kitu, nimwamini nani?"

Akawasha mashine, akaendelea na kazi.

Muhula wote sikuruhusiwa kuigusa laptopu ile nyeusi, na sikulalamika. Kipchirchir bado simpendi. Anatembea kama mwalimu mkuu na anacheka kwa pua. Lakini wiki jana, kabla ya kupeleka mradi wangu wa sayansi shuleni, nilikwenda nikagonga mlango wao.

"Sasa," nikamsalimia. "Nimekuletea kitu ukitazame."

Alisoma kurasa zote akiwa amesimama mlangoni, bila kunikaribisha ndani. "Kina makosa matatu," akasema, na alifurahi waziwazi. Nilirudi nyumbani nikayasahihisha yote matatu.