Betri Iliyovaa Sweta

Jikoni kulinukia mikate. Mama Mikate alikuwa akiipanga kwenye kreti, ya moto moto. Mama mkwe wake, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi, alikuwa kwenye kigoda chake, kitendawili mdomoni kama kawaida.

"Kitendawili!"

"Tega, mama."

"Barabarani anabebwa mgongoni, nyumbani ananyonya ukutani."

"Huyo si betri ya baiskeli yangu?"

"Umenipata!" Bibi akacheka.

Baiskeli ya Mama Mikate ilikuwa ya umeme. Betri yake ilikaa nyuma, chini ya keria, na ilichomolewa ili ichajiwe ndani ya nyumba. Bibi aliipenda kama mjukuu. Majuzi alikuwa ameifumia sweta la sufu, rangi ya chungwa. Hakusahau hata kuacha tundu la ufunguo.

"Vumbi lote lile, na yenyewe uchi!" alisema. "Itapata mafua."

Mama Mikate alicheka mpaka machozi, akaivisha. Lakini tangu hapo betri haikuingia vizuri mahali pake. Ilibaki imechomoza, na ufunguo ulikataa kuzunguka. Basi akaifunga kwa mpira wa mizigo. Akazungusha, akakaza, akasema, "Hapo haitoki hata ikitaka."

Ikatoka.

Asubuhi hiyo, akiwa njiani kupeleka mikate shuleni, baiskeli ilizimika ghafla kwenye tuta. Mama Mikate akageuka nyuma. Betri ilikuwa inaning'inia kwenye mpira, inabembea na sweta lake. Akaisukuma baiskeli mpaka shuleni, jasho likimtoka. Alikuta watoto wamekwisha kunywa chai kavu.

Mpishi wa shule alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mama Mikate, mkate wako mtamu, sina ubishi. Lakini hii si mara ya kwanza. Kesho watoto wakinywa chai kavu tena, natafuta mwokaji mwingine."

Maneno yale yalimkaa moyoni njia nzima. Shule ndiyo ilikuwa mteja wake mkubwa. Ikiondoka, jiko lake lingepoa.

Akapitia kwa jirani yake, fundi wa baiskeli. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye kicheko kirefu, na mtaa mzima ulimwita Spana.

"He! Betri imevaa sweta? Inakwenda wapi, harusini?"

"Cheka taratibu, dada. Ni la mama mkwe."

Spana akalivua sweta. Akaikagua betri pande zote. Akaigusa, akainusa.

"Una bahati. Mpira uliizuia isipige chini. Haijapasuka, haijavimba, haina joto wala harufu. Ningeona hata dalili moja kati ya hizo, ningekukataza kuichaji. Betri iliyoumia inaweza kushika moto."

"Moto! Na mimi naichaji ikiwa na sweta lake!"

"Usirudie. Ikichajiwa inapata joto, lazima ipumue. Sasa njoo uone. Kwanza zima baiskeli. Futa hii reli betri inapoteleza na haya meno ya shaba, yawe makavu. Haya, isukume polepole mpaka mwisho."

Mama Mikate akaisukuma. Ikateleza bila kusita. Tak!

"Umesikia? Hapo imefika kwake. Usiposikia hivyo, usipande. Zungusha ufunguo, uchomoe. Sasa ivute."

"Niivute tena? Si ndiyo kwanza nimeiingiza?"

"Ivute kama unagombania shuka!"

Akaivuta kwa nguvu zote. Haikutikisika.

"Na mpira wangu?"

"Huo ufungie kreti. Betri inashikwa na reli na kufuli."

Spana akashika keria, akaitikisa. Skrubu moja ilikuwa imelegea. Akaikaza. "Hizi nazo uwe unaziangalia mara kwa mara."

Sasa ilibaki kazi ngumu kuliko zote. Kumwambia Bibi.

"Mama, sweta lako ni zuri mno," Mama Mikate alianza alipofika nyumbani. "Ila linambana mtoto." Akaeleza yote, tangu tuta mpaka mpishi, mpaka lile joto la kuchaji na ile tak! ya betri ikifika kwake.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Akalichukua sweta, akaligeuzageuza. Kisha akatoka nalo nje.

"Nimeharibu," Mama Mikate akajisemea. Akamfuata mbio.

Alimkuta Bibi ameinama, analivisha sweta kiti cha baiskeli. Lilikaa kama lililopimwa.

"Kumbe nilikosea mwenye nguo tu," Bibi akasema. "Betri ipumue. Wewe ndiye unayekalia baridi kila asubuhi."

"Na hili tundu la ufunguo je?"

"Acha hivyo hivyo. Kiti nacho kipumue!"

Walicheka mpaka Spana akachungulia juu ya ukuta.

Kesho yake Mama Mikate alizima, akafuta, akasukuma. Tak! Akafunga, akavuta. Kwenye tuta lile mikate iliruka, na yeye akaruka. Betri haikuruka. Alifika shuleni mpishi hajaipua hata chai.

"Leo umetuwahi!" mpishi akasema, huku akipokea kreti. Mkate ulimchoma vidole, akafurahi. "Basi tuendelee hivi hivi, mama."

Mama Mikate alirudi nyumbani akiimba. Kabla hajashuka vizuri, aliita kutoka mlangoni.

"Kitendawili!"

"Tega, mwanangu."

"Hana mdomo, lakini akifika kwake husema neno moja tu."

Bibi hakufikiri hata kidogo. Akapiga ulimi:

"Tak!"