Kiti cha Dereva

Mke wa Orijino alianza kunuka tumbaku, na mama huyo hata moshi wa jiko ulikuwa ukimkohoza. Ndivyo lilivyoanza.

Mumewe tulimwita Orijino kwa sababu ya lile gari lake la kale la forwili alilolitoa kwenye vyuma chakavu. Hakutaka libadilishwe hata skrubu. Shemeji yake, kaka wa mkewe, fundi wa kuchomelea, alikuwa chama kingine kabisa: nyanyua bodi, weka injini mpya, funga matairi mapana.

"Shemeji, hili gari au kaburi la babu yako?"

"Ukilibadilisha si lile tena. Mikono yako iache kwako."

Shemeji hakukoma. Akamletea kiti kipya cha dereva, bado kiko ndani ya nailoni.

Basi ikawa kila mchana, vyombo vikiwa bado mezani, mama wa watu anakutwa garini nyuma ya usukani, mikono baridi kama chuma, macho yanatazama ukuta kana kwamba ni barabara, na akiulizwa amefikaje hapo anasema hajui, kisha anarudi jikoni kuosha sahani.

Mganga aliitwa. Akakinusanusa kile kiti cha kale cha dereva, akanong'ona:

"Kiti hiki kina mwenyewe. Kichomeni leo, la sivyo atamhamisha huyu mama."

"Choma, shemeji," kaka mtu akasihi. "Dada yangu anaisha."

Orijino akaitikia vizuri tu. Sasa tazama akili za mwanamume: jioni alichoma kile kipya! Cha kale akakifunika shuka stoo. Mshono wa kiwandani ule, angeupata wapi tena?

Kesho yake mkewe aliamka mzima, akala, akafua. Orijino, roho kwatu, akarudisha kiti na kukaza nati. Hajamaliza vizuri, mkewe akaja, akapanda upande wa dereva, akajisogezasogeza makalio kama mtu aliyerudi kwake baada ya safari ndefu, na harufu ya tumbaku ikajaa hadi Orijino akaionja ulimini.

"Umefanya vyema, kijana," akasema kwa sauti nzito ya kiume. "Kile kipya kingenivunja mgongo."

 Orijino alisimama na spana yake kama mtu anayengoja foleni isogee.

"Mke wangu yuko wapi?"

"Kakaa nyuma."

Akafungua mlango wa nyuma, akachungulia. Hapakuwa na mtu, ila kiti cha nyuma kilikuwa kimebonyea upande wa dirisha, na kioo kilikuwa kikiingia ukungu wa pumzi, kikikauka, kikiingia tena.

Akaufunga mlango wa nyuma taratibu, mkewe asije akaanguka. Kisha akazunguka, akapanda mbele upande wa abiria.