Diski Isiyoonekana

Shemeji yangu ni fundi kompyuta, mtu mtaratibu, asiye na mazoea ya kutia chumvi. Siku moja, saa nne asubuhi, jirani yake mjane alimletea kompyuta ya marehemu mumewe. Diski yake ilikuwa taabani, inagonga kama jino bovu. Ndani mlikuwa na sauti ya mume, aliyoirekodi wiki yake ya mwisho. Mama alitaka ihamishiwe kwenye diski mpya.

"Hiyo ikifa, fundi, nitakuwa nimemzika mara mbili."

"Tulia, mama. Hata magoti yangu yanagonga nikiamka, na bado nipo."

Mama akatabasamu, akaanza kusimulia habari za mumewe. Fundi akafunga diski mpya huku akimsikiliza, akawasha. Skrini ikaonyesha diski moja tu, ile ya zamani.

Fundi huyu ana kawaida yake: haamini skrini kabla ya kiganja. Akaweka mkono juu ya diski mpya. Ilikuwa inazunguka, ina joto. Basi umeme unafika, akajisemea, tatizo ni waya wa data. Akaubadilisha. Bado. Akahamia tundu jingine. Bado. Akapekua mipangilio mstari kwa mstari. Bado.

Diski ya zamani ikagonga mara tatu. Ikanyamaza.

"Imeenda?" mama akanong'ona.

Fundi aliinama na tochi. Waya wa umeme wa diski mpya ulikuwa unaning'inia. Masimulizi yalimsahaulisha, hakuwahi kuuchomeka.

Akarudisha kiganja. Inazunguka.

Akachomoa plagi ukutani. Skrini ikazimika. Inazunguka.

Kwenye spika ikasikika pumzi ndefu. Kisha sauti ya mwanamume, ya chini, iliyochoka.

"Mke wangu, mwambie aondoe mkono. Ananilemea kifuani."

Akauondoa.

Mama hakulia. Aliifungua diski mpya mwenyewe, skrubu baada ya skrubu, akaiviringisha ndani ya mtandio wake, akaenda nayo nyumbani. Siwezi kumlaumu. Hajaitia kwenye kompyuta yoyote. Anasema haihitaji.

Tangu hapo, kompyuta yoyote inayowashwa juu ya meza ile ya fundi huonyesha diski moja zaidi ya zilizomo. Nilikwenda kujionea. Ndani mbili, kwenye skrini tatu. Hiyo ya tatu ilikuwa imejaa nusu.

Nilipita tena Jumamosi. Imebaki kidogo ijae.