Jina la Tausi

Duka la pembejeo la akina Bhavesh, katikati ya Moshi, lilikuwa limefurika wakulima wa kahawa siku Winfrida alipoingia na gauni lake la kitenge cha njano, akitaka kopa salfeti ya maabara.

"Sema mrututu, mwalimu," Bhavesh alimtania. "Hapa si mtihani."

"Mrututu ni jina la wazee wa shamba. Mimi nafundisha kemia."

"Kwetu Kigujarati ni *morthuthu*. *Mor* ni tausi, kwa ile buluu yake. Bibi yangu Kanta ndiye aliyenifundisha."

Wakulima wakacheka. Winfrida akaondoka amenuna, ila namba ya simu alishaiacha. Wiki haikuisha wakawa wanaitana mpenzi.

"Na jina alkali limetoka wapi, mbishi wangu?" Bhavesh alimuuliza jioni moja.

"Kiarabu hicho, mpenzi. Majivu ya mimea. Na naitrojeni tunaifuata mpaka kwenye magadi ya Wamisri wa kale."

"Na tausi wangu?"

"Wa bibi yako huyo, si wako!"

Kisha ikaja semina ya walimu, Bomang'ombe. Bhavesh alimpeleka kwa gari, akaketi nyuma ya ukumbi. Winfrida alieleza habari ya tausi, ukumbi ukapiga makofi. Mtu akauliza ameipata wapi.

"Ni utafiti wangu," akajibu.

Bhavesh akatoka, akawasha gari, akamwacha hukohuko.

"Kumtaja bibi kungekupunguzia nini?" alifoka kwenye simu.

"Niliogopa wataniuliza amesoma chuo gani!"

"Mwizi mkubwa wewe!"

"Na wewe umenitupa kama gunia!" Akakata.

Hasira zilipopoa, aibu ikabaki. Winfrida alipanda kwao Machame, akakata jani la isale kwenye ua wa kihamba, shamba la ukoo wao. Kwa Wachaga, mtu akiletewa isale kuombwa radhi, hakatai. Akalipeleka dukani.

"Hukunikosea mimi," Bhavesh alisema bila kuligusa. "Panda ghorofani kwa bibi."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Winfrida alikiri yote. Walimu wote alishawaandikia kwamba maneno yale ni ya Kanta. Bibi, mzaliwa wa Moshi aliyeijua mila ya isale, akalipokea jani kwa mikono miwili.

"Nimekusamehe. Lakini Bhavesh hakuoi; ataoa Mgujarati mwenzake. Hilo halina jani la kuliombea."

Winfrida akamgeukia Bhavesh, aliyekuwa amepanda nyuma yake. "Sema basi."

Bhavesh alitazama sakafu. "Bibi ana presha. Tusimuudhi."

"Mimi nimelitaja jina lake kwa walimu wa ukumbi mzima. Wewe langu unashindwa kulitaja mbele ya mtu mmoja."

Akashuka ngazi. Moyo ulimuuma vibaya, lakini hakugeuka.